Leseni ya C-2 hatua kwa hatua: kwa fundi wa insulesheni anayetaka kujitegemea California

Fundi mmoja niliyefanya naye kazi Sacramento alijaza selulosi, nyuzi za karatasi za kuzuia joto, darini mwa nyumba nzima, akaziba nyufa, akafagia, akaondoka. Alikuwa amepokea nusu ya pesa. Mwenye nyumba akakataa kutoa nusu iliyobaki. Yule fundi alipokwenda kuuliza namna ya kushtaki, akaambiwa hana kesi, kwa kuwa hakuwa na leseni ya ukandarasi. Akaambiwa pia neno lililomkosesha usingizi: mwenye nyumba akitaka, anaweza kwenda mahakamani yeye, adai arudishiwe hata ile nusu ya kwanza. Hakuna aliyesema kazi ilikuwa mbaya. Kifungu cha 7031 cha Sheria ya Biashara na Taaluma ya California hakiulizi ubora wa kazi. Kinauliza kama ulikuwa na leseni muda wote ulipokuwa ukiifanya.

Naandika haya kwa ajili ya ndugu zetu wanaozungumza Kiswahili, wa Kenya, Tanzania, Congo na kwingineko, walioanzia maisha ya hapa kwenye kazi ya kuweka vihami joto, yaani insulesheni. Kazi hii haiombi vyeti mlangoni. Ukiweza kutambaa darini kwenye joto, kuvaa barakoa kutwa na kupandisha magunia ngazini, unaajiriwa. Miaka minne baadaye unaijua kuliko anayekutuma, na wateja wanaanza kukuuliza pembeni kama unaweza kuja Jumamosi peke yako. Hapo ndipo leseni inapohitajika, na hapo ndipo wengi wanagundua kwamba karatasi wanazotakiwa kuonyesha zilipaswa kuanza kukusanywa tangu siku ya kwanza ya kazi.

Je, kazi yako inahitaji leseni?

Karibu kila mara, ndiyo. Leseni hutolewa na CSLB, yaani Bodi ya Leseni za Wakandarasi ya California, yenye makao Sacramento. Kuanzia tarehe 1 Januari 2025, asiye na leseni anaruhusiwa kazi ya chini ya dola 1,000 tu, ukijumlisha vifaa na ufundi, na hata hiyo iwe kazi isiyohitaji kibali cha ujenzi na asimwajiri mtu yeyote kumsaidia. Kabla ya hapo kiwango kilikuwa dola 500. Ukipiga hesabu ya magunia ya kujaza dari ya nyumba ya kawaida, kukodi mashine ya kupulizia na siku moja ya kazi, utaona kwamba dola 1,000 hazifiki popote. Kuigawa kazi moja iwe vipande vya dola 900 hakusaidii. Sheria inaihesabu kuwa kazi moja. Na hata ukifanya vijikazi hivyo vilivyoruhusiwa, tangazo lako lazima liseme kwamba huna leseni.

Adhabu ya kufanya ukandarasi bila leseni kwa kosa la kwanza inaweza kufika kifungo cha miezi 6 na faini ya dola 5,000, na Bodi yenyewe inaweza kukutoza faini yake hadi dola 15,000. Kosa la pili ni zito zaidi.

Leseni inayokuhusu inaitwa C-2, ya vihami joto na akustika. Inakuruhusu kuweka kihami cha aina yoyote cha kuzuia joto au sauti: mablanketi ya sufu ya kioo ukutani, selulosi ya kupuliza darini, povu la kunyunyizia, vihami vya mabomba na njia za hewa, hata zile dari za vigae vya kupunguza mwangwi maofisini. Fundi anayejua nyumba za kuishi tu hushangaa kukuta maswali ya dari za ofisi kwenye mtihani, kwa hiyo jua mapema.

Neno kwa wanaohamia kutoka majimbo mengine. Texas, kwa mfano, haina leseni ya jimbo kwa mkandarasi wa insulesheni. Nimekutana na watu waliofanya kazi Houston miaka kadhaa kwa uhuru, wakaja hapa na kuendelea vilevile bila kuuliza. Kila jimbo la Marekani lina sheria zake. Yote ninayoeleza hapa ni ya California.

Hatua ya 1: Kusanya ushahidi wa uzoefu, na uanze leo

Bodi inataka miaka 4 ya kazi ya muda wote, ndani ya miaka 10 iliyopita, katika ngazi ya fundi kamili. Fundi kamili ni yule anayeweza kupewa kazi akaimaliza bila kusimamiwa. Miaka uliyokuwa msaidizi wa kubeba magunia, kushika bomba na kufagia haihesabiwi. Miaka uliyokuwa msimamizi wa kikosi inahesabiwa. Masomo ya ufundi au uanagenzi uliokamilika unaweza kuchukua nafasi ya miaka hadi 3, lakini angalau mwaka mmoja lazima uwe wa kazi ya mikono.

Uzoefu huo huthibitishwa kwa fomu maalumu inayotiwa saini na mtu aliyeiona kazi yako kwa macho yake: mwajiri, msimamizi, fundi mwenzako, mkaguzi wa majengo, msanifu majengo, kiongozi wa chama cha wafanyakazi. Anasaini chini ya kiapo, na akisema uongo ni kosa la jinai kwake. Ndiyo maana waajiri wengine wanasitasita, hata wale wema.

Mimi nilianguka hapa. Nilifanya kazi miaka miwili na kampuni ambayo sitaitaja, nikilipwa nusu kwa hundi na nusu kwa pesa taslimu, na nikaona ni nafuu kwa sababu kodi ilipungua. Nilipoenda kuomba saini, biashara ilikuwa imefungwa na mwenyewe hapatikani. Hundi nilizokuwa nazo zilionyesha saa chache kwa wiki, kana kwamba nilikuwa nikifanya kazi siku mbili tu. Miaka miwili ya jasho ikahesabiwa kama miezi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na uzoefu wa fundi ni mali.

Basi fanya hivi. Nunua daftari gumu, au fungua faili kwenye simu, na kila wiki andika anwani ya nyumba au jengo, tarehe, aina ya kihami, eneo kwa futi za mraba, ulifanya nini wewe mwenyewe, na jina la aliyekuwa msimamizi. Tunza kila hati ya mshahara, kila W-2 (ile taarifa ya mwaka ya mshahara anayokupa mwajiri), kila ripoti ya kodi. Piga picha ya kadi ya ukaguzi pale ilipobandikwa. Unapoacha kazi mahali, omba saini ya fomu kabla ya kuondoka, mkiwa bado mnasalimiana. Usisubiri miaka minne itimie. Fomu ya kipindi kimoja inaweza kusainiwa na mtu mmoja na ya kipindi kingine na mtu mwingine. Chukua namba za simu za mafundi wawili watatu wa kikosi chako, maana kampuni hufa lakini mafundi wenzako wapo, na saini ya fundi aliyeiona kazi yako inakubalika.

Bodi huchunguza kwa kina angalau asilimia 3 ya maombi. Ukichaguliwa, wataomba hati za mishahara, ripoti za kodi, vibali vya ujenzi, mikataba. Mwenye faili hutuma bahasha na kuendelea na maisha yake.

Jambo jingine linalowauma wengi ni malipo ya 1099, ile fomu ya kodi ya asiye mwajiriwa. Bosi anakwambia wewe ni mkandarasi wa kujitegemea, anakupa 1099 na kukutuma kwenye nyumba na gari lake, vifaa vyake na ratiba yake. Sheria ya kazi ya California inamchukulia mtu asiye na leseni anayefanya kazi inayohitaji leseni kuwa mwajiriwa wa aliyemtuma, pamoja na haki za bima ya kuumia kazini. Ukianguka kutoka darini usikubali kuambiwa ni shauri lako. Na 1099 zako usizitupe. Pamoja na ripoti ya kodi ni ushahidi wa uzoefu kama W-2.

Kama ndiyo kwanza unaanza na umri unaruhusu, fikiria njia ya uanagenzi wa chama cha mafundi wa vihami joto. Kaskazini ni tawi la Local 16, kusini ni la Local 5. Kazi yao zaidi ni mabomba, matangi na mitambo, si dari za nyumba. Unalipwa huku unajifunza, na ukimaliza una cheti ambacho hakuna bosi anayeweza kukiyeyusha.

Hatua ya 2: Hakikisha una sifa za msingi

Uwe na miaka 18. Uwe na namba ya hifadhi ya jamii au ITIN, ile namba ya mlipakodi inayotolewa na mamlaka ya kodi ya Marekani. Bodi inakubali ITIN, na sheria ya California hairuhusu kukunyima leseni kwa sababu ya uraia au hali yako ya uhamiaji. Hata hivyo leseni haigeuki kuwa kibali cha kufanya kazi nchini. Hayo mawili yako kwenye ofisi mbili tofauti, na la pili muulize mwanasheria wa uhamiaji mwenye sifa, si mjuaji wa mtaani anayejaza fomu kwa ada.

Kosa la jinai la zamani si lazima likuzuie. Linapimwa kwa uzito wake, muda uliopita na uhusiano wake na kazi.

Hatua ya 3: Amua biashara iwe ya sura gani

Wengi wanaoanza peke yao wanafaa kuomba kama mmiliki mmoja. Ni rahisi na gharama ni ndogo. Ukitaka kampuni ya hisa, isajili kwanza kwa Katibu wa Jimbo, kisha uombe leseni kwa jina hilo hilo, herufi kwa herufi. LLC, yaani kampuni yenye dhima ndogo, ina mzigo wa ziada ambao watu hawaambiwi: juu ya dhamana ya kawaida (naieleza Hatua ya 7) inatakiwa dhamana nyingine ya dola 100,000 kwa ajili ya wafanyakazi, pamoja na bima ya madhara kwa watu wengine isiyopungua dola milioni 1. Ndugu mmoja alifungua LLC kwa sababu aliona video inasema ndiyo ya kisasa, akakwama kwenye dhamana hiyo.

Leseni ya kampuni husimama juu ya mtu anayekidhi masharti ya uzoefu na mitihani. Mtu huyo anaweza kuwa mwajiriwa, mradi afanye kazi hapo angalau saa 32 kwa wiki, au asilimia 80 ya saa za kampuni kama ni chache kuliko hizo, na asimamie kazi kwelikweli. Hapa kuna mtego. Watakuja watu, wengine wazee wenye heshima zao, watakwambia wakukodishie leseni kwa dola mia kadhaa kwa mwezi nawe ufanye kazi kwa jina lao. Ni kosa kwao na ni kosa kwako. Siku mambo yakiharibika, utahesabiwa kama mtu asiye na leseni, na tunarudi kwenye hadithi ya yule fundi wa Sacramento.

Hatua ya 4: Jaza na kutuma maombi

Ada ya kuomba leseni mpya yenye daraja moja ni dola 450, na hairudishwi. Angalia tovuti ya CSLB kabla ya kuandika hundi, kwa sababu ada hubadilika. Pale kwenye maelezo ya uzoefu usiandike tu kwamba uliweka insulesheni. Taja: ulipima na kukadiria, ulisoma ramani, ulijaza kuta kwa selulosi iliyoshindiliwa, ulivisha mabomba ya maji moto, uliziba nafasi zinazopitisha hewa kabla ya kupuliza, ulifunga vishikilio vya dari za akustika. Anayesoma maombi anatafuta dalili kwamba kazi unaijua kuanzia kadirio hadi ukaguzi.

Tarehe za kuanza na kuacha kazi zilingane na W-2 zako. Hapa maombi mengi yanarudishwa, kwa mwezi mmoja tu usiolingana.

Hatua ya 5: Alama za vidole

Maombi yakipokelewa utatumiwa fomu ya kupeleka alama za vidole kwa mfumo wa Live Scan. Malipo ya serikali ni dola 32 kwa idara ya sheria ya jimbo na 17 kwa FBI, halafu ongeza ada ya mahali unapopigia. Kama una kovu la kukatwa na kisu cha sufu ya kioo kwenye ncha ya kidole, na wengi wetu tunalo, mwambie anayekupiga alama mapema. Picha isiyosomeka inakurudisha nyuma wiki nzima.

Hatua ya 6: Mitihani miwili

Mmoja ni wa sheria na biashara, sawa kwa wakandarasi wote. Mwingine ni wa ufundi wa C-2. Yote ni ya kuchagua jibu, unafanya kwenye kompyuta katika kituo cha mitihani, na matokeo unayapata hapo hapo.

Mafundi wazuri wanafeli ule wa sheria na biashara, si ule wa ufundi. Unauliza mkataba wa matengenezo ya nyumba uwe na nini ndani, kodi za mishahara, bima, usalama, na zile taratibu za kudai malipo: kwamba usiyekuwa na mkataba wa moja kwa moja na mwenye nyumba unapaswa kutuma taarifa ya awali ndani ya siku 20 tangu uanze kazi, ili ulinde haki yako ya kuandikisha deni juu ya nyumba ile. Jifunze sehemu hiyo hata baada ya mtihani. Imenilipia kodi ya nyumba zaidi ya mara moja.

Kwenye ufundi, soma makadirio, uwekaji wa kila aina ya kihami, dari za akustika na usalama. Bodi hutoa mwongozo wa masomo bure kwenye tovuti yake, wenye orodha ya mada na vitabu. Uanzie huo kabla ya kulipa shule yoyote ya maandalizi.

Lugha ni jambo zito na sitalipitia juu juu. Kazini kwetu lugha ni Kihispania, na kati yetu Kiswahili. Kiingereza cha ufundi kinabaki cha majina ya vifaa. Mtihani unataka Kiingereza cha sentensi ndefu. Mimi nilitengeneza kadi ndogo, upande mmoja neno la Kiingereza, upande wa pili maelezo kwa Kiswahili jinsi ambavyo ningemweleza kijana wa kikosi: kizuizi cha mvuke, upitishaji wa joto, umande ndani ya ukuta. Nilizisoma mapumzikoni kwa miezi mitatu. Ukifeli unarudia kwa dola 100, na una miezi 18 tangu maombi yakubaliwe kabla hayajafutika.

Hatua ya 7: Asbesto, dhamana, bima na ada ya mwisho

Ukishafaulu bado huna leseni. Kuna kijitabu cha asbesto, madini yenye nyuzi zinazodhuru mapafu, chenye mtihani wa kufanya ukiwa umekifungua. Unakisoma nyumbani na kujibu. Usikifanye harakaharaka. Sisi tunaingia kwenye madari ya nyumba za zamani kuliko mafundi wengine wote.

Dhamana ya mkandarasi ni ya dola 25,000 tangu tarehe 1 Januari 2023. Hulipi kiasi hicho chote. Unalipa sehemu ndogo kwa mwaka kwa kampuni ya dhamana, na bei hutegemea historia yako ya mikopo. Uelewe vizuri kwamba dhamana inamlinda mteja. Ikimlipa mteja wako, kampuni ya dhamana itakugeukia wewe urudishe. Kama anayebeba leseni ya kampuni ya hisa hana angalau asilimia 10 ya umiliki, dhamana ya pili ya dola 25,000 inahitajika.

Ukiwa na mfanyakazi hata mmoja, lazima uwe na bima ya kuumia kazini. Usiye na mfanyakazi, kwa sasa C-2 bado inaruhusiwa kujaza hati ya msamaha. Ruhusa hiyo itaondolewa kwa wakandarasi wote tarehe 1 Januari 2028. Kumsajili mpwa wako kama asiye mfanyakazi huku anapanda darini nawe kila siku ni udanganyifu, na akianguka utalipa hospitali kwa nyumba yako.

Kisha ada ya leseni yenyewe, dola 200 kwa mmiliki mmoja au 350 kwa wengine. Inadumu miaka 2.

Hatua ya 8: Vyeti vinavyokwenda pamoja na leseni

Leseni ya C-2 haikufungulii kila mlango.

Nyumba zilizojengwa kabla ya 1978 huenda zina rangi yenye risasi. Kanuni ya EPA, mamlaka ya mazingira ya serikali kuu, inataka kampuni iwe na cheti cha kazi salama ya risasi, na awepo mtu aliyesoma kozi ya saa 8, ikiwa kazi itagusa zaidi ya futi 6 za mraba za rangi ndani ya chumba au zaidi ya futi 20 nje. Wewe unayetoboa ukuta wa nje tundu baada ya tundu ili kushindilia selulosi, kanuni hii inakuhusu moja kwa moja. Ada ya kampuni ni dola 300 kwa miaka 5.

Ukifungua mlango wa dari ukakuta punje nyepesi za kijivu-kahawia zinazong'aa, usiziguse, usifagie, shuka. Hiyo ni vemikulaiti. Mgodi wa Libby, Montana, ulitoa zaidi ya asilimia 70 ya vemikulaiti yote iliyouzwa Marekani kati ya 1919 na 1990, na miamba yake ilikuwa na asbesto. Kuiondoa ni kazi ya wenye leseni ya asbesto na usajili wa Cal/OSHA, ofisi ya jimbo ya usalama kazini. Kijana aliyetumwa na kifyonza vumbi cha kukodi asikubali kazi hiyo. Nimewahi kuona wakitumwa. Mapafu yao ni yao, hakuna wa kuwapa mengine.

Kwa povu la kunyunyizia, watengenezaji wengi hawatakuuzia kemikali bila mafunzo, na chama cha wanyunyiziaji, SPFA, kina ngazi zake za vyeti. Isosianeti, kemikali iliyomo kwenye povu hilo, ikishaufanya mwili wako uikatae, kila unapoisogelea unabanwa na kifua. Barakoa iwe ya hewa safi inayoletwa kwa bomba au ya aina iliyopendekezwa, na ipimwe usoni kwako kila mwaka.

Ukitaka kazi za mpango wa serikali wa kusaidia nyumba za kipato cha chini, uliopo tangu 1976, vyeti vya BPI, shirika la vyeti vya ufanisi wa majengo, vya kuweka vihami na kuziba upotevu wa hewa vinakuweka mbele. Kwa nyumba mpya, kanuni za nishati za California, Title 24, mara nyingi zinataka mkaguzi wa kujitegemea athibitishe kwamba kihami kimejaa bila pengo, bila kukunjamana, bila kubanwa nyuma ya waya. Jaza hati ya uwekaji mwenyewe na uisome kabla ya kusaini. Kazi nyingi za serikali zinahitaji pia usajili wa DIR, idara ya jimbo ya mahusiano ya kazi.

Na joto. Tangu Julai 2024 Cal/OSHA ina kanuni ya joto la ndani ya majengo inayoanza kwenye nyuzi 82 za Farenhaiti, karibu 28 za Selsiasi. Dari ya Fresno mwezi wa Julai inapita hapo kabla ya saa nne asubuhi. Maji, mahali pa kupoa na mapumziko yaandikwe kwenye mpango wako wa usalama, ambao kila mwajiri lazima awe nao kwa maandishi, na yafuatwe.

Hatua ya 9: Karatasi za kila kazi

Namba ya leseni iwe kwenye kila tangazo, kila kadi, kila mkataba. Kwa matengenezo ya nyumba, malipo ya mwanzo yasizidi asilimia 10 ya bei au dola 1,000, kile kilicho kidogo. Kuomba nusu mbele, kama tulivyozoea kwetu, ni kosa linaloweza kukugharimu leseni. Mteja ana siku 3 za kufuta mkataba, na siku 5 akiwa na miaka 65 au zaidi.

Kanuni ya FTC, tume ya biashara ya serikali kuu, kuhusu thamani ya R, yaani kipimo cha uwezo wa kihami kuzuia joto, inakutaka umwonyeshe mteja taarifa za kihami kabla hajanunua, na umpe mkataba au risiti yenye saini na tarehe, ukionyesha eneo, unene na thamani ya R. Kwa kihami cha kupuliza ongeza unene wa mwanzo, unene kitakapotulia, na idadi ya magunia uliyotumia. Ninapenda kifungu hiki. Nilishawahi kuona dari iliyolipiwa R-38 ikiwa na inchi tano za selulosi katikati na chini ya hapo pembezoni, na mama mwenye nyumba akiendelea kulipa umeme wa kiyoyozi kama zamani. Hesabu ya magunia isingemwacha adanganywe. Mwachie na picha za rula darini.

Usimwahidi mteja punguzo la kodi ya serikali kuu kwa kazi ya sasa. Lile la maboresho ya nishati lilikoma kwa kazi zilizokamilika baada ya tarehe 31 Desemba 2025.

Hatua ya 10: Baada ya leseni kutoka

Tafuta jina lako kwenye tovuti ya CSLB na uhakikishe dhamana na bima zinaonekana. Bima ikikatika leseni inasimamishwa, na siku za kusimamishwa ni siku za kutokuwa na leseni. Kodi ya miji, leseni ya biashara ya mji na akaunti ya kodi za mishahara kwa EDD, idara ya ajira ya jimbo, ufuatilie mapema. Weka ukumbusho wa kuhuisha leseni miezi mitatu kabla.

Ukiajiri kijana wako wa kwanza, mfungulie faili siku hiyo hiyo: tarehe aliyoanza, tarehe aliyoacha kubeba magunia na kupewa mashine, tarehe aliyotumwa nyumba ya kwanza peke yake. Mlipe yote kwa hundi. Siku atakapokuja na fomu ya uzoefu mkononi, ujue cha kuandika, na umwandikie.